Tesla, Babu wa Rimoti ya Geti Lako

Ukifika kwako Kitengela, ubonyeze rimoti geti lifunguke, mkumbuke Nikola Tesla. Alizaliwa 1856 Smiljan, Croatia ya leo. Chuo kule Graz alikiacha bila kumaliza (ndiyo, kama sisi wengine), na 1884 akatua New York.

Mwaka wa 1898 aliweka mashua ndogo majini ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden, akaiendesha bila waya. Wapo waliodhani ni uchawi. Kumbe ndani mlikuwa na mpango ule ule fundi anaofunga leo kwa pampu ya kisima huko Kajiado: antena inashika mawimbi, risiva inaamsha rilei, rilei inapeleka stima kwa mota. Wimbi lenyewe halisukumi chochote bana, linaamrisha tu. Likizuiwa, hakuna kitu, ndiyo maana fundi mjanja hafungii antena ndani ya sanduku la chuma.

Alitaka kuuzia jeshi la wanamaji la Marekani, hawakuchukua. Hataza yake ikaisha muda 1915 bila kumtajirisha. Alikufa Januari 1943, peke yake, chumba 3327 cha hoteli ya New Yorker, akiwa na madeni.