John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyelivika gurudumu mpira wa hewa

Mvua zinapoanza, barabara inayotoka msitu wa Nyungwe na kuteremka hadi Kamembe huwa mtihani kwa kila dereva. Lami hung'aa kwa maji, na katika njia za udongo zipandazo vilima vya Rusizi, pikipiki na magari ya mizigo huteleza kama yamepakwa mafuta. Hapo ndipo watu hukumbuka kuyatazama matairi yao. Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki wapo wanaoshika kisu na kulichonga upya tairi lililokwisha kuwa kipara, wakiamini kwamba mikato mipya italirudishia nguvu ya kushika ardhi. Ubaya na uzuri wa kazi hiyo ya kisu hueleweka vyema kwa kumfahamu mtu aliyetuachia tairi lenyewe.

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, nchini Scotland, katika familia ya wakulima. Alisomea udaktari wa mifugo mjini Edinburgh, na mwaka 1867 akahamia Ireland. Baadaye aliweka makao yake Belfast, ambako kituo chake cha kutibu wanyama kilikua hadi kuwa miongoni mwa vikubwa kabisa nchini humo. Hakuwa fundi wa magari wala mhandisi. Alikuwa mtu mwenye ndevu nyingi na hali ya upole, aliyejulikana zaidi na wenye farasi.

Mwaka 1887 mwanawe mdogo alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Matairi ya wakati huo yalikuwa ya mpira mgumu usio na hewa, na mitaa ya Belfast ilikuwa imetandikwa mawe, hivyo mtoto alirushwarushwa kila alipopanda. Baba alichukua mpira mwembamba, akaugandisha kwa gundi hadi ukawa tyubu, akaufunika kwa kitambaa cha kitani, akaufunga kwenye gurudumu la mbao na kuujaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu. Kisha akayasukuma uani magurudumu mawili, la zamani na hilo jipya. La zamani lilikwenda kidogo likaanguka. Lile la hewa lilivuka ua wote na kugonga mwisho wake.

Tarehe 7 Desemba 1888 Dunlop alipata hataza, yaani hati ya serikali inayolinda haki ya mvumbuzi. Mwaka uliofuata, Willie Hume, mwendesha baiskeli wa Belfast, aliingia mashindanoni akiwa na matairi hayo. Watazamaji waliyacheka kwa unene wake, lakini Hume akashinda. Miongoni mwa walioshindwa walikuwamo watoto wa Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin. Mzee huyo hakununa. Aliunda kampuni ya kutengeneza matairi hayo na kumshirikisha Dunlop.

Furaha hiyo haikudumu. Ilibainika kwamba Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amekwisha kupata hataza ya wazo lilo hilo katika miaka ya 1840, na hataza ya Dunlop ikapoteza nguvu. Alijitoa katika kampuni kabla ya karne ya 20 kuanza. Biashara iliyoendelea kubeba jina lake iliwatajirisha zaidi watu wengine.

Wapo waliolipa gharama kubwa kuliko yeye. Kiu ya mpira iliyoletwa na baiskeli, kisha magari, iliingia katika misitu ya Kongo, iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji hadi mwaka 1908. Wanavijiji walilazimishwa kukusanya utomvu, na wengi waliuawa au kukatwa mikono. Kwa sisi tunaoitazama Bukavu ng'ambo ya mto Rusizi, habari hiyo ni ya majirani na ndugu.

Matairi ya mwanzo yalikuwa na kasoro nyingine: juu yalikuwa laini, na penye maji yaliteleza. Viwanda vikaanza kuyawekea kashata, yaani yale meno ya juu. Mwaka 1923 Mmarekani John F. Sipe alipata hataza ya kukata mipasuo myembamba katika mpira wa tairi. Gurudumu linapobonyea, kingo za mipasuo hiyo hufunguka na kuuma barabara, na maji hupata pa kupenya. Hadi leo wapo wanaoiongeza kwa kisu katika matairi ya magari ya porini ili yashike vizuri zaidi penye lami iliyolowa, mwamba laini au barafu. Katika matope mazito faida yake ni ndogo, kwani huko hutakiwa nafasi pana kati ya meno. Na penye changarawe kali meno yaliyopasuliwa huweza kumeguka.

Lakini Sipe aliukata mpira uliokuwapo. Tairi la leo lina umbo lilelile la lile la Belfast: ndani hewa, katikati nyuzi zinazoizuia, na juu mpira unaozilinda nyuzi hizo. Anayechonga tairi kipara hakuti mpira wa kukata. Kisu hukaribia nyuzi au huzigusa, na tairi linaweza kupasuka njiani likiwa na abiria. Yapo matairi ya malori yenye mpira wa ziada kwa ajili ya kuchongwa tena, na kiwanda huandika hivyo ubavuni mwake. Pasipo maandishi hayo, tairi lililokwisha ni la kubadilishwa.

Dunlop alifariki Dublin tarehe 23 Oktoba 1921, akiwa na umri wa miaka 81. Alianza kazi yake kwa kumhurumia mtoto aliyeketi juu ya gurudumu. Dereva anayeteremka Nyungwe katika mvua naye amebeba watoto wa watu, na bei ya tairi jipya, hata ikiwa nzito, haiwezi kulinganishwa na roho zao.