Khalid bin Walid na Tendo Lililokataliwa

Miongoni mwa maradhi yaliyoingia katika miji yetu ni haya: mtu akiona kosa la nduguye, huliacha kosa likakaa mahali pake, akamshika mwenyewe. Humnunia, humkatia salamu, hata jeneza likitoka katika nyumba ile halifuati. Kisha hudai kwamba huko ndiko kuchukia kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Sisi twaona kuwa amechanganya mambo mawili yaliyo mbali mbali, na katika sira ya Khalid bin Walid (R.A.) mna mafunzo ya kumtosha mwenye kutaka kuyatenga.

Khalid alikuwa Mkureshi wa Bani Makhzum. Katika vita vya Uhud, mwaka 3 Hijria (625), ni yeye aliyewazunguka Waislamu kwa nyuma wapiga mishale walipoacha mahali pao. Siku hiyo walikufa mashahidi Masahaba yapata 70, na Hamza, ami yake Mtume (S.A.W.), akiwa mmoja wao. Juu ya hayo, Khalid alipokwenda Madina kusilimu mwaka 8 (629), Mtume alimpokea kwa furaha, akamwombea maghufira. Damu ya Uhud hakudaiwa tena.

Huyo ni mtu aliyekuwa nje ya dini kisha akaingia. Je, akikosa aliye ndani?

Mwaka huo huo wa 8, baada ya kufunguliwa Makka (630), Mtume alimtuma kwa Bani Jadhima awalinganie Uislamu; hakumtuma kupigana. Watu wale hawakujua kutamka vizuri kuwa wamesilimu, wakatumia neno la kuonyesha kwamba wameiacha dini yao ya zamani. Khalid hakuridhika na neno hilo. Akawapiga, akawateka, kisha akaamrisha mateka wauawe. Abdullahi bin Umar na wenziwe walikataa kuwaua waliokuwa mikononi mwao. Habari zilipomfikia Mtume, aliinua mikono yake, akajitakasa mbele ya Mwenyezi Mungu na lile alilolitenda Khalid, na akakariri hivyo mara mbili.

Na tutazame vizuri. Alilojitakasa nalo ni tendo. Khalid mwenyewe hakumtupa. Wala kosa halikufunikwa kwa kuwa mkosaji ni mtu mkubwa. Mtume alimtuma Ali bin Abi Talib na mali, akalipa dia ya waliouawa na thamani ya vilivyoharibika, hata chombo cha kunywea mbwa. Mali iliyobaki akawapa pia, kwa kuchelea lisije likawako deni lisilojulikana. Na Khalid alipogombana na Abdurrahman bin Auf kwa ajili ya jambo hilo, Mtume alimkanya asiwatukane Masahaba zake. Lakini haukupita muda mrefu ila Khalid yumo katika jeshi la Hunain, na mwaka 9 (630), wakati wa safari ya Tabuk, akatumwa kuongoza wapanda farasi kwenda Dumatul Jandal.

Mwendo huo ndio alioufuata Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Baada ya ushindi mwingi katika nchi ya Sham, Khalid alimpa mtu mmoja dirham 10,000, na Umar hakuyaridhia matumizi hayo. Akamwuzulu mwaka 17 (638). Kisha akawatangazia watu wa miji kwamba hakumwuzulu kwa kumchukia wala kwa khiyana, bali alichelea watu wasije wakamtegemea Khalid wakamsahau Mola wao. Khalid naye alitii. Alifariki mwaka 21 (642), na kauli iliyo mashuhuri ni kuwa alifia Hims, kitandani mwake. Usimamizi wa wasia wake alimwachia Umar, yule yule aliyemwondoa. Na wasia haachiwi mtu ila anayeaminiwa.

Basi mwenye kusema kwamba ukimpenda mtu huwezi kumkanya, na atazame dia ile iliyolipwa. Na mwenye kusema kwamba ukimkanya huna budi kumchukia, na atazame wasia huu. Nduguyo akizua katika dini, au akila mali ya yatima, mwambie waziwazi kuwa ni haramu, na usimame na mwenye haki mpaka alipwe. Lakini akiugua, nenda ukamtazame. Akifiwa, shika jeneza. Na akirudi katika njia, usimkumbushe alikotoka.

Mizani ya kujipima ni hii: kosa likiondoka, chuki nayo huondoka. Ikiwa kosa limekwisha na chuki ingalipo, basi haikuwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Ilikuwa ni ya nafsi zetu, na hiyo ndiyo inayotupasa kuipiga vita kwanza.

Wabillahi tawfiq.