Wilhelm Schlenk, mwanakemia aliyeifungia lithiamu ndani ya chupa

Lithiamu ya Manono, katika jimbo la Tanganyika, inajulikana kwa sababu ya betri. Lakini metali hiyo ina kazi nyingine isiyozungumzwa sana, na aliyeifungulia njia ni Mjerumani Wilhelm Schlenk.

Schlenk alizaliwa Munich tarehe 22 Machi 1879, akasoma hukohuko, kisha akafundisha Jena na Vienna. Alivutiwa na metali alikali: lithiamu, sodiamu, potasiamu. Metali hizo hutoa elektroni kwa urahisi. Zikiungana na kaboni, kaboni hiyo inakuwa na nguvu ya kushika molekuli nyingine na kujenga kitu kipya. Shida ni kwamba inashika pia oksijeni na unyevu wa hewa, na kazi yote inaharibika palepale.

Ndiyo maana Schlenk alitengeneza vyombo vya kioo vyenye mkono wa pembeni. Hewa inatolewa, naitrojeni inaingizwa, na kazi inafanyika bila kifuniko kufunguliwa ovyo. Hadi leo maabara zinaviita kwa jina lake.

Mwaka 1917, yeye na Johanna Holtz walitangaza michanganyiko ya kwanza ya lithiamu na kaboni. Walichukua michanganyiko ya zebaki, wakaweka lithiamu, nayo ikachukua nafasi ya zebaki. Baadhi ya walichokipata kiliwaka moto chenyewe kilipogusa hewa. Njia hiyo ilikuwa ya hatari, maana zebaki ni sumu. Mwaka 1930 Karl Ziegler alionyesha njia isiyohitaji zebaki kabisa, na kutoka hapo viwanda vikaingia: leo butili-lithiamu inaanzisha utengenezaji wa aina fulani za mpira wa matairi.

Mwaka 1921 Schlenk alipewa kiti cha Emil Fischer huko Berlin, nafasi kubwa kweli kwa mwanakemia wa wakati ule. Hapo alifanya kazi na Ernst Bergmann, kijana Myahudi, na mwaka 1928 walichapisha pamoja utafiti mrefu juu ya metali alikali.

Wanazi walipochukua utawala mwaka 1933, Bergmann alifukuzwa na kuondoka Ujerumani. Schlenk hakuwapenda Wanazi, wala hakuficha. Mwaka 1935 aliondolewa Berlin, akapelekwa Tübingen, chuo kidogo zaidi. Alifariki huko tarehe 29 Aprili 1943, vita vikiwa bado vinaendelea.