Maisha ya Carl Akeley (1864–1926), Mpiga Foto Aliyezikwa Mikeno



Katika gazeti letu tumekwisha kusoma maisha ya watu wengi wa mbali. Leo tunawaletea mtu aliyetoka mbali lakini kaburi lake liko katika jimbo letu la Kivu ya Kaskazini. Tumemchagua juu ya sababu moja. Wengi kati yetu wanapenda kupiga foto: ziwa, milima, ndege, ng'ombe za Masisi. Kiisha wanaonyeshana. Hapo ndipo maneno yanaanza. Mmoja anacheka, mwingine anasema tu iko nzuri, na mwenye foto anarudi nyumbani bila kujua afanye nini. Maisha ya Akeley yanaweza kutufundisha namna ya kutazama kazi ya mwenzetu na kumsaidia.

Carl Ethan Akeley alizaliwa tarehe 19 Mei 1864 huko Clarendon, katika jimbo la New York, Marekani. Wazazi wake walikuwa walimaji. Hakusoma masomo mengi. Alipokuwa na miaka 19 alikwenda mji wa Rochester kutafuta kazi katika nyumba moja iliyotengeneza ngozi za wanyama kwa majumba ya makumbusho. Wakati ule kazi ile ilikuwa rahisi na mbaya: walichukua ngozi, wakaijaza majani makavu kama godoro, basi. Mnyama alionekana kama gunia lenye miguu.

Akeley aliona kwamba ile haikuwa kweli. Lakini hakubaki kulalamika tu. Alianza kufinyanga mwili wa mnyama kwa udongo, na mishipa na mifupa yake, halafu akavika ngozi juu ya umbo lililotokana na ule udongo. Mnyama akaonekana kama anataka kutembea. Mwaka wa 1890, huko Milwaukee, alitengeneza panya wa maji pamoja na makao yao: majani, maji, nyumba yao. Watu walielewa kwamba mnyama bila mahali pake ni nusu ya habari.

Mwaka wa 1896 alifika Afrika mara ya kwanza, katika inchi ya Somalia. Huko chui alimrukia, na yeye akamwua kwa mikono mitupu. Mwaka wa 1910, kwenye mlima Kenya, tembo alimwangusha na kumkandamiza. Watu wake walifikiri amekwisha kufa. Mke wake wa kwanza, Delia, alipita katika pori kumtafuta, na akapona.

Katika safari ile ile, ya 1909 mpaka 1911, Akeley alitaka kupiga filimu ya Wanandi wakiwinda simba kwa mikuki. Mambo yalikwenda mbio sana. Kamera ya wakati ule ilikuwa nzito kugeuza. Alipokuwa anaitengeneza, simba amekwisha kupita. Filimu haikuwa kama alivyotaka. Mtu mwingine angesema simba ni mbaya, ao Wanandi walikwenda haraka. Yeye aliuliza kosa liko wapi kabisa, akaliona: liko katika chombo. Akarudi Marekani, akatengeneza kamera mpya, ya mviringo, inayogeuka pande zote kwa mkono mmoja bila kutikisika. Katika vita ya kwanza ya dunia jeshi la Marekani liliitumia. Robert Flaherty aliichukua mpaka inchi za barafu kupiga filimu ya Nanook. Ona basi: kosa moja lililotazamwa vizuri limesaidia wapiga filimu wa dunia nzima.

Mwaka wa 1921 bwana na bibi mmoja, Martin na Osa Johnson, walikuwa na filimu waliyopiga Borneo. Akeley aliitazama. Aliona kwamba wako na mikono mizuri na uvumilivu. Aliwasukuma waende Afrika, kwa sababu bunduki zilikuwa zinamaliza wanyama, na mtu wa kupiga foto za kweli za maisha yao alihitajiwa upesi. Walikwenda Kenya. Kiisha Akeley aliwasemea mbele ya jumba la makumbusho la New York, na safari yao ya pili, 1924 mpaka 1927, jumba lile liliwategemeza. Shauri lake halikuwa kwa mdomo tu. Aliwafungulia na njia.

Mwaka ule ule wa 1921 Akeley mwenyewe alikuja kwetu Kivu kutafuta ngagi, wale wanaoitwa gorila. Alipanda milima ya Mikeno na Karisimbi. Hapa tuseme ukweli wote: yeye na wenzake waliua ngagi watano kwa ajili ya makumbusho. Lakini alipiga pia filimu ya ngagi wakiwa hai katika pori lao, na hiyo ndiyo ya kwanza katika dunia. Alipowatazama aliona kwamba si mashetani kama wazungu walivyohadizia. Ni wanyama wapole wenye jamaa. Moyo wake uligeuka. Aliporudi aliomba kwamba milima ile ilindwe, na maneno yake yalimfikia Albert, mfalme wa Ubelgiji. Tarehe 21 Aprili 1925 Parke Albert ikaanzishwa, ya kwanza katika Afrika. Tangu 1969 jina lake ni Virunga.

Mwaka wa 1926 alirudi mara ya mwisho. Pesa zilitoka pia kwa George Eastman, yule aliyeanza mwaka wa 1888 kuuza kamera ndogo ya Kodak kusudi kila mtu apige foto. Akeley alileta wachoraji, kati yao William Leigh. Angeweza kuwaacha New York wachore milima kwa kufikiri tu. Alikataa. Alitaka wasimame mahali penyewe, waone rangi ya majani na ya mawingu, na kazi yao ilinganishwe na mlima wenyewe, si na mawazo ya mkubwa fulani. Wapagazi wa Kivu ndio waliopandisha mizigo yote kwenye baridi ile. Majina yao vitabu vingi havikuyaandika.

Akeley alipanda akiwa mgonjwa. Alifika Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi, na huko alikufa tarehe 17 Novemba 1926, akiwa na miaka 62. Walimzika pale pale. Mke wake wa pili, Mary Jobe, hakukimbia. Alibaki kuongoza kazi mpaka ikaisha. Mwaka wa 1936 chumba chenye jina la Akeley kilifunguliwa New York. Ngagi wako mle, na nyuma yao Leigh amechora milima yetu, Nyiragongo na Nyamulagira zikitoa moshi. Mtu wa Kirotshe akiingia mle angejua mara moja kwamba amefika kwao.

Basi, tunajifunza nini, sisi tunaoonyeshana foto?

Kwanza, tazama kabla ya kusema. Uliza mwenzako alitaka kuonyesha nini: mtumbwi, ao ziwa, ao wingu? Huwezi kumsaidia mtu kufika kama hujui anakwenda wapi.

Pili, sema kilicho kizuri, na kiwe kweli. Mtu akijua nguvu yake ataitumia tena. Sifa ya bure haimsaidii, ni kumdanganya.

Tatu, taja kosa moja, na dawa yake pamoja. Hapana kusema tu foto iko mbaya. Sema: maji ya ziwa yameinama upande mmoja, shika kamera sawasawa. Ao: jua lilikuwa nyuma ya mlima, urudi asubuhi. Ao: ndege ni mdogo sana, sogea polepole. Makosa kumi kwa siku moja yanaua moyo.

Ine, kama inawezekana, rudini pamoja mahali penyewe. Mlima ni mwalimu kuliko sisi wote.

Tano, tusimsifu mtu aliyefunga mnyama ao kuvunja kiota kusudi apate foto. Akeley mwenyewe alichelewa kulijua jambo hili, na ngagi watano walikwisha kufa.

Na wewe unayeambiwa, usijitetee mbio. Sikiliza, jaribu, halafu pima. Pengine kati yetu kuna mmoja ambaye foto yake itafanya watu wa mbali wapende na kulinda milima hii. Akichekwa leo ataweka kamera chini, na hatutajua kamwe tulipoteza nini.