Sørensen: Mtoto wa mkulima aliyetupatia kipimo cha pH

MKULIMA wa miche wa Kibamba, kandokando ya Barabara ya Morogoro, akiona majani machanga ya nyanya zake yanageuka manjano kwenye trei, jambo la kwanza analofikiria ni mbolea. Anaongeza. Siku chache baadaye ncha za majani zinaungua, na fedha ya mbegu chotara imepotea.

Mara nyingi mbolea ilikuwemo tangu mwanzo, ila mche ulishindwa kuila. Kilichokosekana ni kuangalia namba moja, pH, inayoonyesha hali ya tindikali. Namba hiyo ilitungwa na Søren Peter Lauritz Sørensen, mtoto wa mkulima wa Denmark, akiwa katika maabara iliyoanzishwa na mwenye kiwanda cha bia.

Sørensen alizaliwa Januari 9, 1868, katika kijiji cha Havrebjerg. Akiwa na miaka 18 aliingia Chuo Kikuu cha Copenhagen kwa nia ya kusomea udaktari wa binadamu, lakini mwalimu wake wa kemia, S. M. Jørgensen, alimvuta akabadili njia. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1899, baada ya miaka ya kujikimu kwa kazi za maabara, upimaji wa miamba na ushauri kwa kiwanda cha meli za jeshi la majini.

Mwaka 1901 aliteuliwa kuongoza idara ya kemia ya Maabara ya Carlsberg, jijini Copenhagen. Alishika nafasi ya Johan Kjeldahl, mtu aliyebuni mwaka 1883 njia ya kupima naitrojeni ambayo hadi leo hutumika kupima udongo na vyakula vya mifugo.

Maabara hiyo ilianzishwa mwaka 1875 na J. C. Jacobsen, mmiliki wa kiwanda cha bia cha Carlsberg. Jacobsen aliweka sharti ambalo wafanyabiashara wengi wangelikataa: matokeo yoyote muhimu yatangazwe, yasifichwe kwa faida ya kiwanda.

Sifuri nyingi zageuka namba moja

Kazi ya Sørensen ilikuwa kuchunguza protini na vimeng'enya, vitu vinavyosukuma shughuli ndani ya viumbe hai. Kila alipobadilisha tindikali kidogo, vimeng'enya vilichapa kazi au vilisimama.

Tatizo lilikuwa kipimo. Wakati huo watu walihesabu jumla ya tindikali iliyotiwa kwenye maji. Sørensen aliona kwamba jumla hiyo haitoshi, kwa sababu tindikali mbili za kiasi kimoja zinaweza kuwa na ukali tofauti kabisa. Kinachofanya kazi ni chembe za haidrojeni zilizo huru ndani ya maji.

Lakini kiasi cha chembe hizo ni kidogo mno, na kukiandika kulihitaji sifuri nyingi baada ya nukta. Mwaka 1909 alipendekeza njia fupi: badala ya kuandika sifuri zote, itumike namba moja inayotokana na hesabu ya vipeo. Ndiyo pH. Maji safi yana pH 7. Chini ya hapo ni tindikali, juu yake ni alkali.

Katika ufupi huo ndimo mtego unaowanasa wakulima ulipo. Kila hatua moja ni mara kumi. Maji ya pH 5 yana ukali mara kumi ya yale ya pH 6, na mara 100 ya yale ya pH 7. Anayedhani kwamba 7.5 na 6 zinakaribiana amekosea mno.

Sørensen hakuishia kwenye namba. Alieleza namna ya kuipima kwa umeme na kwa rangi, akatengeneza pia vimiminika ambavyo pH yake haiyumbi ovyo. Vipakiti vya pH 4 na pH 7 vinavyotumika leo kurekebisha mashine ya kupimia vinatokana na mawazo hayo.

Makumbi na chumvi yake

Kazi hiyo inamgusa moja kwa moja anayeotesha miche kwenye kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi. Kokopiti ni nyepesi na hutunza maji, lakini haina chakula cha kutosha kwa mche. Tena huja na chumvi za potasiamu na sodiamu, hasa makumbi yakiwa yamelowekwa maji ya bahari.

Kokopiti isiyotayarishwa hunyakua kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye mbolea, huku ikiachia potasiamu na sodiamu. Dawa yake ni kuiosha kwa maji baridi, kuiloweka kwenye maji yenye kalsiamu naitreti, kisha kuisuuza tena.

Baada ya hapo pH ishikwe kati ya 5.5 na 6.5. Ikipanda sana, madini ya chuma na fosforasi hayachukuliki vizuri, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Ikishuka mno, kalsiamu na magnesiamu huwa shida. Mbolea ianze nyepesi majani halisi yanapotokeza, na pH ipimwe baada ya kuchanganya mbolea, si kabla. Aidha, maji yanayochuruzika chini ya trei nayo yapimwe, kwani ndiyo yanayoonyesha hali iliyopo kwenye mizizi.

Kwa wanaotumia visima, maji magumu au yenye chumvi yanaweza kuharibu hesabu yote hata kokopiti ikiwa safi.

Sørensen aliendelea na kazi Carlsberg hadi mwaka 1938, katika baadhi ya tafiti za protini akisaidiana na mkewe, Margrethe Høyrup Sørensen. Hakupata tuzo ya Nobel. Hata hivyo, alikuwa hai mwaka 1934 wakati Mmarekani Arnold Beckman alipotengeneza mashine ya kupimia pH iliyo rahisi kutumia, baada ya kuombwa msaada wa kupima tindikali ya maji ya malimao ya California. Kipimo kilichozaliwa maabara kilikuwa kimeanza kurudi kwa wakulima.

Alifariki dunia Februari 12, 1939, akiwa na miaka 71. Namba yake ilitangazwa wazi, na kila mtu anaitumia bila kulipia. Kwa mkulima wa Kibamba anayeshika mfuko wa mbolea mbele ya trei ya manjano, gharama iliyobaki ni ya kifaa cha kupimia na dakika chache za kusubiri kabla ya kuongeza.