Izaak Walton: mtoto wa mwenye kilabu aliyepewa hoteli Embu

Msomaji akitoka Nairobi kwa njia ya Sagana na Kutus, akavuka daraja la mto Rupingazi na kuingia mji wa Embu, kisha akashika barabara ya kwendea Meru, ataliona bango la hoteli moja ya zamani yenye bustani kubwa. Hoteli hiyo inaitwa Izaak Walton Inn. Mimi, mtu wa pwani, nilipoliona bango hilo mara ya kwanza nilikuwa kijana, na papo hapo nikakata shauri kwamba Bwana Walton ndiye Mzungu aliyeijenga. Nikamwona akilini mwangu na kofia yake ya jua na mbwa wake, amekaa nyuma ya kaunta ya baa akihesabu pesa za jana. Kwa miaka mingi nimewaeleza watu hivyo kwa uhakika kabisa, na wala hakutokea mmoja wa kunisahihisha.

Waama nilikuwa nimekosea. Walton hakupata kukanyaga Afrika. Alikufa mwaka 1683, zaidi ya miaka mia mbili kabla Waingereza hawajaweka boma lao Embu mwaka 1906. Tena hakuwa na hoteli wala baa maishani mwake. Ila alizaliwa katika nyumba ya watu wa kazi hiyo, na kitabu kilichomletea sifa kimejaa harufu ya nyumba za wageni za kando ya njia. Kwa hiyo kosa langu halikuwa mbali sana na ukweli, na hilo ndilo lililonifanya nimtafute.

Alizaliwa Stafford, katikati ya Uingereza, mwaka 1593. Mwaka huo huo Wareno walianza kuijenga Ngome ya Mombasa, ile iitwayo Fort Jesus. Basi msomaji wa pwani anaweza kukisia umri wa mtu huyu kwa kuyatazama mawe yale. Baba yake, Gervase Walton, alikuwa mwenye kilabu cha bia. Alifariki mtoto hajatimiza miaka minne. Mama yake, Anne, akaolewa na mwanamume mwingine wa kazi ile ile, ambaye baadaye aliendesha nyumba ya wageni iliyoitwa Swan, yaani Bata Maji. Kwa hivyo mtoto alitoka katika kilabu kimoja akaingia katika kingine, akalelewa katikati ya wapita njia, wenye punda na wenye mizigo, watu wanaofika jioni wamechoka na kuondoka alfajiri.

Masomo yake hayakuwa mengi. Alipokua alikwenda London kujifunza biashara ya nguo, na mwaka 1618 akaingizwa katika chama cha wafanyabiashara wa vyuma, ingawa alichouza ni vitambaa. Mambo ya vyama vya London ya zama zile yalikuwa hivyo. Alikuwa na duka dogo katika mtaa wa Fleet Street, karibu na kona ya Chancery Lane, kwenye mtaa wa kanisa la St Dunstan. Kasisi wa kanisa hilo tangu mwaka 1624 alikuwa John Donne, mmoja wa washairi wakubwa wa lugha ya Kiingereza. Muuza vitambaa na mshairi wakawa marafiki. Mwingine aliyesuhubiana naye ni Sir Henry Wotton, aliyekuwa balozi kisha akawa mkuu wa chuo cha Eton. Huyo alikuwa akivua samaki pamoja naye.

Donne alipokufa mwaka 1631, ilikuwa Wotton ndiye aandike habari za maisha yake, na Walton kazi yake ni kukusanya tu. Wotton naye akafa mwaka 1639 kabla ya kuandika. Muuza vitambaa akashika kalamu mwenyewe, na kitabu kikatoka mwaka 1640. Baadaye akaandika maisha ya Wotton, ya Richard Hooker, ya George Herbert na ya askofu Robert Sanderson. Sisi tuliosoma chuoni, juu ya mkeka, tunaijua aina hii ya maandiko. Ni kama zile manakibu za mashekhe: mwandishi hasemi uongo kwa kukusudia, lakini aibu za mtu wake anazipitia mbali, na kifo chema anakitengea nafasi kubwa. Wataalamu wa leo wamezipekua tarehe zake wakakuta nyingine zimepinda. Mimi sioni ajabu. Aliandika kuhusu watu aliowapenda.

Nyumbani kwake kulikuwa na msiba juu ya msiba. Mkewe wa kwanza, Rachel Floud, alimzalia watoto saba, na wote saba walikufa wadogo. Mwaka 1640 Rachel mwenyewe akafariki. Mwaka huo wa kitabu chake cha kwanza ndio mwaka wa kumzika mkewe. Akaoa tena baada ya miaka kadhaa, akamwoa Anne Ken. Katika watoto wao watatu walisalia wawili, binti na mvulana.

Nchi nayo ilikuwa imewaka moto. Mwaka 1642 mfalme na bunge waliingia vitani, na mwaka 1649 mfalme Charles wa Kwanza akakatwa kichwa. Walton alikuwa upande wa mfalme, yaani upande ulioshindwa. Hakushika silaha. Lakini mwaka 1651, mtoto wa mfalme aliposhindwa katika vita vya Worcester akakimbia kuokoa roho yake, kito chake kimoja cha heshima kilifichwa huko vijijini Staffordshire. Kikapita mikononi mwa watu kadhaa wa siri, na aliyekichukua mpaka London, akamfikishia Kanali Blague aliyekuwa kifungoni katika ngome ya Tower, ni mzee huyu wa miaka hamsini na minane. Angekamatwa, sijui tungekuwa na la kusimulia. Kanali akatoroka, na kito kikamfikia mwenyewe ng'ambo.

Miaka miwili baada ya safari hiyo, mwaka 1653, Oliver Cromwell akiwa karibu kujitangaza mlinzi wa nchi, Walton alitoa kitabu cha kuvua samaki. Kinaitwa The Compleat Angler, na kiliuzwa peni 18 kwenye uwanja wa kanisa la St Dunstan. Juu juu ni kitabu cha mafunzo: samaki gani apatikane wapi, chambo gani, ndoana gani. Ndani yake ni majibizano. Mvuvi na msafiri wanakutana njiani kaskazini ya London, na katika toleo la pili msafiri akawa mwindaji, akaongezwa na mwenye kufuga kozi. Kila mmoja anausifu mchezo wake, kama washairi wetu wanavyojibizana. Mvuvi ndiye anayeshinda, kwa kuwa mwandishi ni mvuvi! Kisha wanafuata mto Lea siku kadhaa. Wanavua, mvua ikija wanajibanza chini ya ua wa miti, na jioni wanaingia katika kilabu kisafi ambako shuka zinanukia na nyimbo zimebandikwa ukutani. Samaki waliowavua hupikwa na mama mwenye nyumba. Mwingine anapewa binti anayekamua ng'ombe, na malipo yake ni kuimba.

Nimewahi kukaa na wavuvi wa kwetu, watu wa jarife na madema, wanaotoka usiku kwa ajili ya kitoweo na ada ya shule. Kwao mtu anayevua kwa kujifurahisha ni wa kuchekwa. Na nakiri kwamba kuna mahali Walton ananichukiza. Anamfundisha msomaji kumtunga chura hai kwenye ndoana, kisha anamwomba afanye hivyo kwa mapenzi. Byron, yule mshairi, alimshambulia vikali kwa ukatili huo uliovikwa upole. Hata hivyo nikikumbuka makaburi aliyokwisha kuyachimba, na mfalme wake aliyekatwa kichwa, ninaielewa ile shauku ya kutaka siku moja tu tulivu kando ya maji, na mwisho wake mlango wa kilabu ulio wazi kwa yeyote apitaye.

Sasa amefikaje Embu? Amekuja kwa ajili ya samaki aina ya trauti. Mito inayoshuka Mlima Kenya na Nyandarua haikuwa na samaki huyo. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai yake kutoka Loch Leven, Scotland, yakatiwa katika mto Gura, na kutoka hapo trauti wakaenezwa katika mito mingine ya maji baridi. Walowezi na maofisa wakawafuata na fimbo zao. Wenyeji wa mlimani kwa jadi hawakuwa walaji samaki, wakatazama tu. Basi nyumba ya wageni ya wavuvi ilipotafutiwa jina, Waingereza wakalitoa jina la mzee wao. Kwa haki, wangempa rafiki yake Charles Cotton, kwa sababu trauti wa Kenya walivuliwa zaidi kwa nzi wa bandia, na sehemu iliyo bora juu ya nzi hao, iliyoongezwa mwaka 1676, aliiandika Cotton. Walton alikuwa mtu wa minyoo. Lakini Cotton alisumbuliwa na madeni maisha yake yote, na labda jina la mdaiwa halifai kutundikwa juu ya kaunta.

Meru nako kuna hoteli ya zamani ya namna hiyo, yenye vijumba vya mbao, nayo inaitwa Pig and Whistle, yaani Nguruwe na Filimbi. Nilipoambiwa nikalale huko niliangua kicheko. Nikalala, na chai yao ilikuwa nzuri. Jina hilo si la mtu. Ni la vilabu vingi vya Uingereza.

Jambo ninaloshindwa kulipita ni mlango. Enzi za ukoloni baa za hoteli za namna hii zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia kupitia jikoni, amevaa kanzu nyeupe, akatoka na sinia. Mwaka 1953, kitabu cha Walton kilipotimiza miaka mia tatu, Kenya ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari. Msitu wa Mlima Kenya ulikuwa umepigwa marufuku, na ndani yake Waruhiu Itote, Jenerali China, alikuwa na wapiganaji wake, kwenye chemchemi za mito ile ile ya trauti. Mtu aliyeandika juu ya kilabu kinachompokea kila mpita njia aliwekwa kuwa bango la nyumba iliyowafungia wenye nchi. Hakuulizwa. Wafu hawaulizwi. Leo yeyote mwenye bei ya soda anaketi pale bustanini, nami niliketi.

Walton aliishi mpaka miaka tisini. Aliuona ufalme ukirudi mwaka 1660, akamzika mke wake wa pili mwaka 1662, na uzeeni akakaa na maaskofu rafiki zake na kwa binti yake, aliyeolewa na kasisi huko Winchester. Wosia aliuandika kwa mkono wake. Shamba lake la karibu na Stafford aliliwekea masharti yaliyolifikisha kwa mji wake wa kuzaliwa, pato lake liwafunze kazi watoto wawili wa maskini kila mwaka, limsaidie msichana mmoja kuolewa, na liwanunulie fukara makaa wakati wa baridi. Alifariki tarehe 15 Desemba 1683, katika kipupwe kikali kilichougandisha mto Thames hata watu wakafungua maduka juu ya barafu. Amezikwa ndani ya kanisa kuu la Winchester. Mwaka 1914 wavuvi wa Uingereza na Marekani walichanga fedha za kutia dirisha la vioo vya rangi karibu na kaburi lake, naye pale dirishani ameketi kando ya mto, anasoma kitabu, fimbo na kikapu vimelala chini.