John Calvin na Njia Iliyofungwa

John Calvin alizaliwa Noyon, Ufaransa, mwaka 1509. Mwaka 1536 alifunga safari kwenda Strasbourg pamoja na nduguye Antoine na dada yao Marie, akitamani kukaa kwa utulivu na vitabu vyake. Lakini vita vilifunga njia, ikawabidi wazunguke kupitia Geneva. Walinuia kulala usiku mmoja tu. Mhubiri Guillaume Farel aliposikia, alimsihi abaki kulitumikia kanisa, akamwonya kwamba Mungu hatabariki utulivu wake akikataa. Calvin aliogopa, akakubali.

Alipitia mengi. Mwaka 1538 alifukuzwa mjini. Akaitwa tena, akarudi mwaka 1541. Tangu 1537 alikuwa ameomba waumini wote waimbe zaburi kanisani, si makasisi peke yao. Kufikia 1562, miaka miwili kabla ya kufa kwake, zaburi zote 150 zilikuwa zimechapishwa Geneva ziimbwe. Tuni mojawapo, ya mwaka 1551, ndiyo tunayoimbia Zaburi ya 100 ya shukrani hadi leo.

Wapendwa, katika jubilii hii tumshukuru Mungu pia kwa njia alizozifunga.